Majani na Ndege Ukutani

Papa Bénie,

Sombe iko kwa jiko, pasha tu moto. Mi nimeenda Area 49 kubandikia ule mama karatasi za ukuta. Batoto basiegemee ukuta wetu, nao nimeubandika karatasi, gundi haijakauka. ~~Na we usiiguse.~~ Ukitaka kuibandua, bandua.

Asubuhi uliniuliza kama nimeamua tufie hapa kambini Dzaleka, ukatoka bila chai. Yale majani na ndege ni mabaki ya kazi tu, mapambo ya Waingereza ba zamani. Nilichoka kuangalia udongo.

Lakini jana, kusudi nifikie ukuta, nilisogeza valizi ya Canada, ile tulifunga kisha ya interview ya kuhamia kule, Bénie akiwa bado mdogo. Ikafunguka. Robe ya Bénie, ile nguo yake ya kusafiria, nikajaribisha mdogo wake, Charlène. Hata yeye inambana.

Mama Bénie