Kabla Hujanunua Nyumba ya Ufuoni

Mwende, mwenye jina langu,

Huku Kyuso tuko wazima, ndengu tumevuna. Mama yako ndiye anayeandika, mimi nyanya yako nasema tu, na ananikataza kutukana.

Unauliza, ukinunua hiyo nyumba ya kukodishia watalii, uanze na paa au rangi? Wewe! Anza na majirani.

Nilipoolewa, babu yako alinijengea ukingoni mwa mto wa mchanga, ule mkavu ambao maji huchimbwa chini, nisiende mbali kuchota maji. Siku moja tukiwa shambani mto ulijaa, ukabeba nyumba. Nikamfokea jirani, "Mbona hukutuambia maji hufika hapa?"

Akasema, "Mlikuja kwangu lini, hata kunywa uji?"

Nenda ukanywe chai kwao. Wakisema maji hayafiki, nunua, na chumba kimoja usikodishe. Nakuja na blanketi yangu.

Susu yako