Maji ya Kifuani kwa Baba Najat

Jumatatu, 4 Julai 1994
Baridi kali. Mlima Meru haujaonekana wiki nzima. Mume wangu Khalfani kalala tena kwenye kiti — tangu Ramadhani! Akijilaza tu, pumzi inambana. Moyo umechoka kusukuma, maji yanajaa kifuani, ndivyo anavyosema Daktari Nirav. Kitanda chote changu peke yangu. Nani alikitaka chote?

Jumatano, 6 Julai
Zahanati kwa Daktari Nirav. Siku hizi kila kitu ruksa, hata eksirei ya mtu binafsi. Umeme wa mgao, tukangoja jenereta. Wakamsimamisha Khalfani kifua wazi, anatetemeka. "Vuta pumzi. Shikilia!" Mimi nje ya mlango nikashikilia na yangu, nusura nizimie. Mjinga mimi.

Picha ikatoka ingali inachuruzika. Daktari kaiinua dirishani: hapa peusi ni hewa, huku chini peupe ni maji. Kapima kwa rula kama fundi cherehani. Sentimita saba. Vidonge vya kukojoza asubuhi na jioni, chumvi marufuku. Mchuzi bila chumvi! Khalfani kanuna njia nzima.

Jumatano, 20 Julai
Tatu! Kutoka saba hadi tatu! Daktari kasema sasa ajaribu kulala kitandani, mito miwili. Nimefua mashuka, nimeyapiga na pasi. Nina miaka hamsini na mbili, naona haya kama mwali.

Alhamisi, 21 Julai
Kalala ubavuni kwangu. Ila vidonge vinamwinua kila mara — anatoka uani, anarudi na miguu ya barafu, anaipasha kwangu. Nimelalamika. Kwa mdomo tu.

Jumanne, 26 Julai
Haamki tena! Tunalala mpaka adhana ya alfajiri. Nimemwambia kibofu chake kimekuwa cha kijana. Kacheka, kakohoa. Alhamdulillahi.

Jumapili, 31 Julai
Kikohozi hakikatiki. Kaongeza mto wa tatu, eti mafua. Viatu havimwingii. Nimesema kesho twende kwa daktari.

Jumatatu, 1 Agosti
Naandika hapa hapa benchini, zahanati. Sentimita tisa. Daktari kapima mara mbili, hakuamini. Kamuuliza, mzee, vidonge unameza? Khalfani kamjibu bila hata kuona haya:

"Vya jioni nimeacha. Vinaniamsha kila saa. Nilikuwa nalala kwenye kiti tangu Ramadhani, daktari. Nilitaka nilale na mke wangu mpaka kuche."

Daktari kainama anatazama rula yake. Mimi nikajifunika kanga usoni. Na nilivyofurahi kwamba haamki!

Anatakiwa hospitali ya mkoa, sasa hivi. Sindano, oksijeni, na kulala ameketi — mpaka lini, daktari hasemi. Gari limeitwa. Khalfani hataki kupanda. Kaning'ang'ania mkono: mama Najat, turudi nyumbani kwanza, nijilaze kidogo tu ubavuni kwako, kisha nipelekeni mnakotaka. Neno moja, pumzi tatu. Midomo imekuwa ya buluu. Daktari kanivuta pembeni: mama, mwambie wewe, mimi hanisikii.

Gari limefika mlangoni. Wote wananitazama mimi. Nimwambie nini? Na mimi nataka —