Nilichungulia

Kisumu, 14 Agosti

Tata mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mama na wote wa boma letu hapo Nyakoe. Goti lako limepata nafuu, au bado linakusumbua ukishuka kwenye shamba la majani chai? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na Sabato sikosi kanisani. Ningepiga simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na neno hili nataka ulisome wewe kwanza, ukiwa umekaa.

Masomo ya urubani yamefika mahali pagumu na patamu. Tunajifunza kuongoza ndege bila kutazama nje. Mwalimu wangu, Kapteni Benter, hunivisha kofia yenye ukingo mrefu unaoziba dirisha, nikabaki na vipimo tu: kimo, mwendo, mwelekeo, na kile kinachoonyesha kama mabawa yamelala sawa. Aliniambia mapema kwamba angani mwili ni shahidi wa uongo. Utakuapia umenyooka, kumbe unapinda. Nilidhani anatia chumvi.

Mwezi uliopita alisema sasa tuingie kwenye mawingu ya kweli. Tuliondoka Kisumu asubuhi, tukapita juu ya mji wa Kisii, nami nilikuwa nimetulia kabisa. Kuelekea Nyamira mawingu yakatumeza. Palikuwa peupe kila upande, juu na chini. Baada ya dakika chache mwili ukaniambia tunalalia kulia, nikageuza usukani kushoto. Kipimo kilisema tulikuwa sawa tangu mwanzo, ila sikukiamini. Ndege ikaanza kuzunguka huku ikishuka, na chini yetu ni milima ya Manga, unaijua. Kapteni Benter akasema kwa sauti ya kawaida, "Niachie." Nikaachia. Akainyoosha, akapanda, akaturudisha Kisumu.

Tukiwa tumesimama kando ya ndege akaniuliza swali moja tu: "Nyakerario, kwenye mtihani wa Machi, ulichungulia?"

Tata, nilichungulia. Ule mtihani wa shule ya urubani niliokuandikia kwamba nimefaulu, sikuufaulu kwa haki. Kila mtahini wetu, Bwana Abner, alipoinama kuandika, niliinua kidevu kidogo, nikaliona ziwa chini ya ukingo wa kofia, nikainyoosha ndege kwa macho yangu. Mara tatu. Kisha nawe ukasimama kanisani ukatangaza, na kwaya ikaimba. Mdogo wangu Ochoki alinitumia video. Mpaka leo sijaweza kuitazama hadi mwisho.

Nilimwambia Kapteni ukweli palepale. Hakunigombeza. Alinipeleka kwa Bwana Abner nikarudia maneno yaleyale mbele yake, na matokeo yangu yakafutwa. Kwa wiki tatu sikuruhusiwa kuruka. Niliosha ndege za wenzangu, na jioni niliketi peke yangu ndani ya ndege iliyoegeshwa, nikizoeza macho yangu kupita kipimo kimoja baada ya kingine bila kusimama popote.

Jumanne iliyopita nilirudia mtihani. Bwana Abner alisubiri makusudi siku yenye mawingu mazito, akasema leo kofia haina kazi. Tulipoingia, mwili ukaanza tena: unalalia kulia, unalalia kulia. Nikauacha useme. Mikono yangu ilifuata vipimo, na jasho likanitiririka mgongoni. Tulishuka ndani ya weupe ule hadi nikaanza kudhani hauna mwisho, kisha ukapasuka, na njia ya kutua ilikuwa mbele yangu, imenyooka. Bwana Abner alifunga daftari lake akasema, "Hii nimeiona mwenyewe."

Sasa nakuomba kitu kigumu. Nataka kanisa lijue yote mawili, la Machi na la Jumanne. Sitaki uyabebe wewe. Nitakuja Sabato ya mwisho ya mwezi huu, nisimame pale ulipotangaza wewe, niyaseme kwa kinywa changu. Wakicheka, wacheke. Najua ukinitazama siku hiyo utaumia kwanza. Lakini mimi ni rubani mzuri, Tata, na safari hii ninaposema hivyo unaweza kuniamini.

Nisalimie mama, umwambie mwenyewe kwa upole. Mungu awalinde hadi nifike.

Ni mimi binti yako,
Nyakerario