Kibali cha Paa

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Cherehani haijakuvunja mgongo? Sisi wazima, na paa wangu wazima, ila yule mkubwa ana mimba na amenuna kama shangazi yako.

Nina jambo. Bwana mifugo kasema paa ni mnyama wa porini, hamhusu. Bwana wanyamapori kasema aliyezaliwa zizini akala pumba ni mfugo, hamhusu. Halafu huyo huyo kaniambia nisipopata kibali, tarehe nane Aprili anawabeba wote wanne! Nimewalea kwa chupa mwanangu, naogopa.

Nenda ofisi kuu huko mjini. Na uniulizie: paa akiruka ua, akiwa bado hewani, ni wa nani?

Mama yako

Tarehe 13 Machi

Shikamoo mama,

Mgongo ndio huo huo. Nimekwenda. Dirisha la kwanza wakanituma la tatu, la tatu wakanirudisha la kwanza. Nilipouliza swali lako la hewani, karani aliweka kalamu chini akaita wenzake. Wamebishana mpaka saa ya chai! Jibu hawana, ila wamenipa fomu: aina, idadi. Nimejaza: Paa, 4.

Mwanao

Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Salama? Hapa kuna maajabu. Jana amekuja fundi wa serikali na ngazi. Zizi hakulitupia hata jicho. Kapanda juu ya nyumba, kapima mabati, kauliza kama panavuja. Nikamwambia jikoni panavuja, kaandika. Hebu niambie, paa na mabati wapi na wapi?

Mama yako

Tarehe 2 Aprili

Shikamoo mama,

Kaa chini kwanza. Wamedhani ni paa za nyumba! Nimecheka mpaka sindano ikanichoma, kisha nikalia. Ningeandika "wanne" kwa maneno yasingetokea haya. Karani anasema kibali kimeshapigwa muhuri, na kukibadilisha ni miezi sita. Nakituma hivyo hivyo. Nisamehe mama.

Mwanao

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Futa machozi usome.

Bwana wanyamapori alikuja jana na gari na kamba. Nikampa karatasi. Akasoma kwa sauti: "Anaruhusiwa kuwa na paa nne, pamoja na upanuzi wake." Akakunja uso. "Nne? Watu wa mjini hawa hata ngeli hawajui!" Akatoa kalamu, akasahihisha: wanne. Akatia saini.

Kisha akaenda kuwahesabu. Wakatoka watano, maana mkubwa alikuwa amezaa alfajiri.

"Mama, kibali ni cha wanne."

Moyo ulinipasuka. Nikaweka tu kidole kwenye neno "upanuzi". Akalitazama. Akamtazama mtoto, anajaribu kusimama na kuanguka. Akakunja kamba zake.

Lile la hewani nalo nimemwuliza. Kasema ataulizia.

Mtoto tumemwita Upanuzi. Jikoni bado panavuja.

Mama yako