Maji ya Lado

Jumatatu, 2 Februari
Limegoma tena. Gari la umeme la kupeleka wageni uwanja wa ndege. Unachomeka, taa nyekundu. Chaja iliyo ndani ya gari hupima erthi kwanza, ile njia ya stima kuingia ardhini; isipoiona haipokei stima. Siilaumu. Kiangazi hiki cha Juba kimefanya ardhi kuwa tofali, na ile fimbo ya erthi tuliyoizika nyuma ya hoteli imebaki pambo. Lado, dereva, akamimina jerikeni nzima ya maji hapo kwenye fimbo, kando ya gari, na chumvi kiganja kimoja. Kijani. Ndiyo kazi yetu kila asubuhi, kunywesha chuma maji.

Jumanne, 3 Februari
Nimeenda soko la Custom kutafuta fimbo ndefu za shaba. Nikaletewa nondo iliyopakwa rangi. Ala! Mchana kutwa jua la bure. Meneja Korir anasema fimbo zingoje mwezi ujao. Mkenya mwenzangu, na ananiongelesha kama ninayemwomba zawadi. Nilishaomba pia swichi ya kukata stima inapovuja. Karatasi ilirudi bila sahihi.

Jumatano, 4 Februari
Jerikeni tatu, na taa nyekundu tu. Wageni wanafika kesho. Korir amenisimamia mgongoni nusu saa nzima akihema.

Nimefanya upuuzi. Lado alipoenda kuchota ya nne na Korir kuitwa simu, nilifungua soketi nikaweka kiwaya kifupi kati ya erthi na nyutro, ule waya unaorudisha stima. Sasa chaja inaamini erthi ipo. Mafundi wengi hapa wanaujua ujanja huo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwatukana.

Lado akarudi, akamimina, nikachomeka. Kijani. Akaruka kwa furaha. "Fundi, umeona? Maji yangu iko na nguvu!" Nikacheka naye. Niliona haya kumwambia.

Ijumaa, 6 Februari
Kijani jana, kijani leo. Lado anawatambia walinzi wa getini kwamba bila yeye gari haliendi. Bado anamimina kila asubuhi. Kandambili miguuni, matope mpaka vifundoni, mkono mmoja kwenye boneti. Nilitaka kumwambia aache. Ningeanzia wapi?

Jumamosi, 7 Februari
Nilisema leo nitakitoa kile kiwaya. Sikukitoa. Wageni wana safari mbili.

Hatari yake naijua, niiandike angalau hapa. Mtu akipindua waya kule kwenye jenereta, wenye stima ukakaa pa nyutro, kiwaya changu kitapeleka stima yote kwenye bodi ya gari. Lakini nani atapindua? Jenereta ile haishikwi na mtu mwingine ila mimi.

Jumapili, 8 Februari
Jenereta ilizima nikiwa kanisani. Korir akaita fundi wa mtaani, nikarudi nikakuta inanguruma. Afadhali. Nimefua nguo, nimelala mchana.

Jumatatu, 9 Februari
Lado amekufa.

Saa moja asubuhi. Alichomeka gari mwenyewe, akaenda kuchota maji. Nilikuwa stoo. Nikasikia jerikeni ikianguka. Nilipotoka alikuwa kwenye matope, mkono umeng'ang'ania boneti, na hatoi sauti. Nikakimbia kuzima jenereta. Nikamkandamiza kifua mpaka mikono yangu ikafa ganzi, mpaka mlinzi akanivuta.

Nimefungua jenereta. Fundi wa jana alipindua waya. Hapa watu hufunga rangi yoyote popote. Lakini angepindua hata mara mia, bila kiwaya changu gari lisingekuwa na stima. Nimekitoa. Urefu wa kidole. Kimo mfukoni.

Nimemuua Lado. Korir ana sehemu yake, yule fundi ana yake. Yangu ni hii.

Jumanne, 10 Februari
Korir anataka ripoti. Niandike kwamba dereva alishika gari kwa mikono yenye maji. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayenifanyia hisani.

Nimeandika kiwaya. Nimeandika waya zilizopinduliwa, na swichi iliyokosa sahihi. Jina langu chini. Akasoma, akasema nitapoteza kazi, huenda na jela. Nikasema sawa. Naogopa sana.

Jumatano, 11 Februari
Sijala. Gari liko palepale. Hakuna anayeligusa.

Alhamisi, 12 Februari
Nimeenda matangani, mtaa wa Gudele. Keji, mke wa Lado, ameketi kwenye mkeka, mtoto mapajani. Nikamwambia yote, shemeji yake akitafsiri kwa Kiarabu cha Juba. Nikakiweka kile kiwaya mbele yake. Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

Akauliza tu. Yale maji aliyokuwa anabeba kila asubuhi, yalikuwa yanasaidia?

Nikasema mwanzoni ndiyo. Tangu Jumatano ya wiki iliyopita, hapana.

Akauliza kama Lado alijua.

Nikasema hakujua. Sikumwambia.

Akamfunika mtoto. Jerikeni ya Lado ilikuwa mlangoni. Walinzi waliileta pamoja na nguo zake. Mama mmoja akaiokota, akaenda kuchota maji ya chai ya waombolezaji. Nami nikapewa kikombe.