Kiti ya Mbele, Kushoto

Nguba, Bukavu, siku ya yenga (jumapili), kisha chakula

Na bado mimi ndiye niko na kosa!

Gari yangu ilitoka Japani: volan, ule usukani, iko kuume, na hapa kwetu tunatembeza kuume ya njia. Nikiwa nyuma ya kamyo kubwa ya mizigo, sioni mbele. Mutu mwenye anakaa kushoto yangu ndiye macho yangu. Gari mingi ya Bukavu iko vile, kila mutu anajua. Lakini kiti hiyo ni ya heshima pia, na leo, wakati tulitoka kwake Miti, ilikuwa ya maman mukwe, mama ya bibi yangu.

Karibu na Mudaka, kamyo ya makala ya kupikia inatambaa mbele yetu. Ninamuuliza: «Maman, njia iko wazi?»

«Pita, mutoto yangu.»

Nikapita. Kamyo ingine ikatokea mbele, taa, klaksoni inalia... Nilirudi nyuma ya ile ya makala, sijui namna gani. Watoto yangu, ku kiti ya nyuma, walilia.

Njo nikamuangalia maman. Rozari mu mikono, macho amefunga.

«Maman, uliona njia?»

«Sikuona. Nilikuwa ninatuombea.»

Freni mupya, pneu mupya ku magurudumu yote, kila juma niko chini ya ile gari. Bure! Na kumukatalia kiti ya mbele, nani ataweza?

Mezani maman amewaambia majirani wenye walikuja kula, juu yangu: «Papa Aline anajua gari sana. Imani tu njo anakosa.»

Kesho ninamurudisha Miti. Amekwisha kuweka kitunga yake ku kiti ya mbele.