Mafuta ya Shemeji

Garsen, Jumanne. Kiangazi.

Jua la leo halina adabu. Upepo unaleta vumbi na harufu ya ng'ombe waliokonda. Tangu wiki iliyopita moyo wangu hautulii, na sababu yake inakula wali wangu kila mchana: shemeji yangu Komora. Anakula vizuri. Mtu mwenye jambo moyoni angekula vizuri hivyo? Nadhani angekula hivyo hasa.

Namshuku. Basi, nimeandika.

Fundi wa sabuni ni mke wangu, Mama Said. Huchoma migomba mikavu, huchuja maji ya majivu kwenye debe lililotobolewa, huyachemsha pamoja na mafuta ya ng'ombe, hutia chumvi ili igande, kisha humimina kwenye vifuu vya nazi. Kazi yangu ni kuonja maji ya majivu kwa ncha ya ulimi, kujua kama yamekolea. Ulimi umeungua, chai siisikii tena utamu. Mama Said anasema kazi hiyo imenifaa, imenipunguzia maneno. Mafuta huletwa na Komora, ndugu yake, anayekaa kwetu.

Wanunuzi wetu ni wanawake wa Kiorma wanaoshuka mtoni na mifugo. Wa kwanza alikuwa Mama Hawa. Siku ile alinusa sabuni, akaikwaruza kwa ukucha, akanitazama kama aliyemkuta fisi zizini.

"Mzee, hii mafuta ya ng'ombe gani? Nani nachinja?"

Nikamwambia kachinja Mwislamu, kwa bismillahi. Nikaapa. Wakati ule ilikuwa kweli, Komora alinunua kwa mchinjaji wa sokoni. Mama Hawa akafulia nguo zake za kuswalia, akawaambia wenzake kwamba mzee yule ameapa. Tangu hapo hakuna anayeuliza. Wanakuja tu.

Sasa kiangazi kimekaza. Mchinjaji ameacha kazi, hakuna harusi wala Idi. Lakini Komora analeta mafuta mengi kuliko wakati wa masika. Nikamuuliza anayatoa wapi.

"Kwa watu, njia ya kwenda kijiji cha Wema."

"Watu gani?"

"Watu tu, shemeji."

Na njia ya Wema sote tunajua kuna nini siku hizi: ng'ombe waliokufa njaa, na tai walioshiba hata kuruka hawawezi.

Juzi niliyatazama mafuta kabla hayajaingia chunguni. Mnyama aliyechinjwa damu humtoka, mafuta yake hubaki safi. Haya yalikuwa na wekundu, damu imevilia humo humo.

Kibudu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa.

Nilipomwambia Mama Said alicheka. "Wewe ulianza kumshuku kaka yangu siku alipopokea mahari." Kweli, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Huenda ni roho yangu tu mbaya. Nikamuuliza Komora mwenyewe, naye akanijibu kwa swali: "Kwani shemeji, sabuni mnaila?"

Mtu safi hujibu hivyo?

Leo nikamtega. Alipokuwa bado anakula nilimwekea mbele ndoo ya maji na kifuu cha sabuni ya mafuta yale.

"Shemeji, kanzu yako ya Ijumaa imefanana na tope la mtoni. Ifue, sabuni nakupa bure."

"Ah, bado safi."

"Safi? Mbuzi wanaikimbia!"

"Nitafua kesho."

"Basi nikufulie mimi." Nikanyoosha mkono kwenye kanzu pale ukutani. Komora aliruka, wali mdomoni, akaikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Mama Said alikuwa anakoroga chungu. Akaacha kukoroga.

"Komora, mpe shemeji yako kanzu."

"Dada, hii ni ya kuswalia."

Kumbe alijua. Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Halafu akaeleza yote: anawachuna ng'ombe wanaofia njiani, ngozi anauza, mafuta analeta kwetu. Aliona ni hasara kuwaachia tai.

Mama Said aliuzima moto, akavibeba vifuu vyote na kuvitupa shimoni nyuma ya nyumba. Vidole vyake vimebabuka kwa majivu hayo, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Nilitaka kumtania, nikaona si wakati.

Lakini sabuni ya mafuta yale imeshafika kwa Mama Hawa. Ameifulia, ameswali, na wenzake vilevile, kwa sababu mimi niliapa. Nikinyamaza hakuna atakayejua, masika yatakuja, tutanunua mafuta ya halali, na biashara itaendelea. Nikisema, hakuna mkono wa Kiorma utakaogusa tena sabuni ya mke wangu.

Nilimuuliza Mama Said tufanyeje. Hakufikiri sana. "Waliuliza, ukaapa. Sasa hawajauliza, utasema." Akamnyooshea kidole nduguye. "Na huyu anakuja."

Kwa hiyo kesho alfajiri tunakwenda kambini kwa akina Mama Hawa, sote watatu. Nitaanza na salamu. Baada ya salamu sijui.

Komora ameshaanza kukohoa. Anasema kifua kinambana, huenda mwendo asiuweze. Nimempa pole nyingi sana, kisha nikatandika mkeka wangu mlangoni. Leo nalala hapo.